Joto la Mama Mkwe

Juzi bwana shamba alikuja tena na sanduku lake la kuangulia mayai. Ni sanduku la mbao lenye miguu minne. Ubavuni lina taa ya mafuta ya taa, na juu lina kioo kidogo cha kuchungulia. Wanawake wa kijijini wanataka kujua kama ni bora kuliko lile la bati alilo nalo mwenye duka, au kama tuendelee tu na makoo yetu, kuku wetu waatamiaji. Kwa kuwa nina mvi na nimefuga kuku muda mrefu kuliko umri wa wengi wao, wameniachia mimi nichague. Nimelizunguka. Nimetia mkono ndani. Joto lake ni zuri, halipungui wala halizidi. Kasoro yake ni moja tu: halina hasira.

Walicheka, lakini mimi sikuwa natania. Koo mpole simwamini. Kuku anayekubali kushikwashikwa akiwa juu ya mayai, kesho atayaacha akafuate panzi. Mimi nataka yule anayenidonoa mkono mpaka damu itoke. Maishani mwangu nimetumia kiangulio kimoja tu ambacho hakikuwa kuku, na hicho kilikuwa na hasira za kugawia kijiji kizima. Alikuwa mama mkwe wangu.

Afadhali nieleze, maana nikisema hivyo vijana hutazamana wakidhani uzee umenipanda kichwani.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, masika ya kwanza baada ya vita vya Maji Maji kupita kwetu. Tulikaa bondeni, kusini ya Ifakara, mahali ambapo mto ukijaa haubishi hodi. Nilikuwa nimeoa mwaka uleule wa vita. Baba mkwe alikunywa dawa ya maji pamoja na wenzake, akaambiwa risasi hazitamdhuru, akachukua mkuki wake akaenda Ifakara kwenye boma. Hakurudi, na hakuna aliyetuletea hata kipande cha nguo yake tukizike. Mimi sikunywa. Mke wangu alinificha kwenye matete mpaka waliokusanya wapiganaji wakapita. Sijawahi kuona haya kwa jambo hilo, na anayetaka kunidharau na anidharau. Nilimpenda mke wangu na nilitaka kuishi.

Kisha askari wakaja kulipiza. Walichoma maghala ya mpunga, wakapasua mitumbwi, wakachukua kila kiumbe chenye miguu. Mama mkwe alipokuwa akikimbia moshi alitumbukia kwenye shimo ambalo wanawake walichimba udongo wa vyungu, na nyonga yake ikavunjika. Kaka yake alimbeba mgongoni mpaka kwenye kibanda chetu, akamlaza chumba cha ndani, akasema kesho atakuja kumwangalia. Njiani alikamatwa, akabebeshwa mizigo ya serikali. Naye hatukumwona tena. Tukabaki watu watatu kibandani, na wa nne yumo tumboni mwa mke wangu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani. Ukikutana naye njiani unaingia porini mpaka apite. Humtazami, humsemeshi, humgusi hata kwa ncha ya kidole. Haya hiyo huvunjwa kwa kuku. Mkwe humpeleka kwa mkono wake mwenyewe, mama akimpokea basi imekwisha, tangu siku hiyo mnakula pamoja na kutaniana mnavyopenda. Kuku wangu nilikuwa nimekwisha kumtenga, mtetea mweupe mwenye miguu ya manjano, mzuri kweli. Askari walimla pamoja na wengine, na bonde zima likabaki kimya asubuhi. Mtu aliyezoea majogoo hajui ukimya huo unavyotisha mpaka aamke ndani yake.

Basi tukaishi chini ya paa moja bila kuonana, tumetengwa na ukuta wa matete. Mke wangu akiwapo, maneno yalipita kwake. Akienda kuchota maji au kuchimba mizizi, yalipita kwa kinu. Msicheke, wazee wetu ndivyo walivyofanya: unakisemesha kitu kilicho katikati, na mwenye masikio anasikia. Kinu chetu kilisimama pale penye mwanya wa kuingilia chumba cha ndani. Kazi nyingine hakikuwa nayo, maana mpunga wa kutwanga haukuwapo.

"Kinu, mwambie mama shikamoo," nilikuwa nasema kila asubuhi, nimeelekeza uso nje.

"Kinu, mwambie marahaba," sauti inajibu. "Na umwambie apunguze kukoroma. Nimevunjika nyonga, masikio yangu ni mazima."

Mvua za masika zikaanza. Majirani waliobaki walifunga vijungu vyao wakahamia kwenye mwinuko, njia ya Kiberege, kabla mto haujapanda. Miaka mingine tungengoja mpaka mwisho, tukaingia kwenye mtumbwi tukaenda zetu. Mwaka ule mitumbwi ilikuwa vipande vya kuni. Mama mkwe alihitaji kubebwa, na mgongo uliobaki ulikuwa wangu peke yake.

"Nimebebwa na baba yangu, nimebebwa na mume wangu, nimebebwa na kaka yangu," alimwambia binti yake. "Mkwe ambaye hajanipa kuku hanibebi."

"Mama, kuku atoke wapi?"

"Basi tukae."

Mke wangu alitoka nje akasimama mvuani. Chakula tulichokuwa tunamwekea mama yake, vijiko viwili vitatu vya uji wa mizizi, kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. "Hataki kuondoka," aliniambia huku analia. "Anataka amngojee baba hapahapa mpaka maji yamchukue. Kuku ni kisingizio tu."

"Basi tumwondolee kisingizio," nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye banda la kuku nyuma ya nyumba.

Siku chache baadaye nilikamatwa mimi. Tulikuwa wapagazi kadhaa, tukapewa mizigo ya kupeleka Kiberege. Njiani tulipita kijiji kilichochomwa, kimeota majani hadi kiunoni, na ndani ya ghala lililoanguka nusu kuku akalia. Nilidhani naota. Askari mmoja alishaingia kabla yetu. Alitoka na kuku mwekundu amemshika miguu, anatapatapa na kumdonoa mikono, koo wa haki kabisa. Mayai aliyaacha. Yai lililoatamiwa halina ladha, kila mtu anajua, na askari walikuwa bado hawajafikia njaa yetu.

Niliomba ruhusa ya kwenda haja. Nikarudi ghalani nikayakuta kwenye kiota, yangali na joto la mama yao. Nikayafunga kwenye nguo, nikayaweka tumboni juu ya ngozi, nikakaza mkanda wa kamba chini yake. Kutoka pale hadi Kiberege nilitembea nimejinyoosha kama bibi harusi, mzigo wa serikali kichwani na mzigo wangu kiunoni. Usiku nilijilaza chali. Tulipotua mizigo wakatuambia twende zetu, nami sikukimbia, ingawa miguu ilitaka. Mvua ilinilowesha kichwa na mgongo, lakini pale mbele nilijikunja nikakinga kama mtu mwenye tumbo la kuhara.

Mke wangu alipoona nilichofunua alikaa chini. Tulikuwa na njaa, na sitaki kusema uongo, mate yalinijaa. Yeye aliangalia pembeni. Kwetu mjamzito hali mayai, na siku ile nilishukuru mwiko huo kuliko miiko yote.

"Haya," nikasema. "Nani atayalalia?"

Nimeshaona watu wakichagua mume kwa haraka kuliko tulivyochagua sisi kiangulio. Mimi nilikuwa natoka kutafuta chakula, nikiinama mtoni kutega samaki, kwa hiyo tumbo langu halikufaa tena. Kulikuwa na sanduku la padri, huko misheni ya milimani upande wa Mahenge. Nilisikia habari zake kwa mtu aliyewahi kupika jikoni kwao, kwamba lina taa na vifaranga wanatoka humo bila mama. Lakini njia ya milimani ni ya kupanda na kushuka, mayai yangefika yamekuwa uji, na taa hiyo ilihitaji mafuta ambayo baada ya vita yalikuwa hadithi. Kulikuwa na bata wa mwenye duka, Mwislamu mmoja kutoka pwani aliyerudi Ifakara baada ya vita. Bata ni mlalizi mzuri, na mzee yule alikubali mara moja, tena kwa moyo mweupe. Ila bata mwenyewe alikaa uani karibu na boma, na kila nilipowaza mayai yangu niliona askari wakipitapita wakimmezea mate huyo bata.

Nilijaribu pumba. Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la pumba za mpunga wa mwaka uliopita, mvua imelilowesha, na ukitia mkono ndani unauondoa haraka kwa joto. Nikasema joto ni joto. Nikachimbia mayai mawili kwa majaribio, nikafukia vizuri. Jioni nilipoyatoa yalikuwa yameiva. Nilikaa juu ya lundo lile nikalia kweli, mtu mzima mwenye ndevu, kisha nikayamenya. Moja nilikula mimi, jingine nikalipitisha kwa kinu.

"Kinu, mwambie sikuzoea mayai yenye manyoya," sauti ikasema. Lakini alilila.

Mke wangu ndiye aliyesema. Alikuwa ametoka chumba cha ndani kumgeuza mama yake, akasimama akijifuta mikono. "Mama ana joto," alisema.

"Ana homa?"

"Hapana. Joto tu. Analala mchana kutwa karibu na moto, haendi popote, hageuki bila mimi." Akanitazama. "Na ana hasira."

Tuliangaliana, tukaanza kucheka, tukazibana midomo kwa mikono ili asisikie. Sijui mara ya mwisho tulikuwa tumecheka lini. Kisha ikabidi mtu amwambie, na mke wangu akasema jambo hili ni langu, akachukua mtungi akaenda kuchota maji ambayo tulikuwa nayo tele.

Nilipiga moyo konde. Nikakaa karibu na kinu, mgongo kwa mwanya.

"Kinu, mwambie mama nimepata mayai yenye vifaranga ndani. Hayana wa kuyalalia."

Nikakuna ndevu.

"Mwambie nimefikiria bata, nimefikiria pumba."

"Pumba nimezionja," ikasema sauti.

"Mwambie basi, kama itampendeza, kama haitakuwa kumkosea heshima, yeye hana haja ya kunyanyuka…"

"Kinu," akasema polepole, "mwulize huyo mwanamume. Mimi nimekuwa kuku?"

"Kinu, mwambie mama kuku tumewakosa. Tungekuwa nao nisingemsumbua."

Nilisikia mvua, nilisikia moto ukipasuka, nikaanza kufikiri mahali pa kulala usiku huo. Halafu nikasikia kitu ambacho mwanzoni nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka, cheko la kukwaruza la mtu aliyesahau namna ya kucheka, na nyonga ilimuuma kwa kucheka, na aliguna kwa maumivu huku anaendelea.

"Kinu," alisema alipopata pumzi, "mwambie alete. Sina kazi nyingine."

Mayai aliyafunga kwenye mkaja. Hiyo ni nguo ambayo mwanamume humpelekea mama wa mchumba, kwa ajili ya kumbeba binti yake utotoni. Wangu ulikuwa kaniki nene, nao ulipona kwa sababu siku ya moto mama mkwe alikuwa ameuvaa. Mengine aliyaweka kwapani, mengine katikati ya tumbo na paja la mguu mbovu ambao haukwenda popote. Na tangu siku hiyo kibanda hakikuwa changu tena.

"Kinu, mwambie asikate kuni hapo nje, anatikisa ardhi." "Kinu, mwambie afunge tundu la ukuta, upepo unaingia ubavu wa kushoto, na ubavu wa kushoto ndio wenye makubwa." "Kinu, mwulize uji uko wapi. Mimi nikipoa, yanapoa."

Hilo la uji! Mke wangu alitoka na kibuyu kitupu akanigeuzia chini ili nione kwamba halidondoki hata tone. Mama yake alikuwa anakula. Nilikwenda mtoni kila siku kutega kambale, na kila nilipokosa nilijichukia, na kila nilipopata nilirudi nikipiga mluzi kama mpumbavu. Mkia wa samaki tulikula sisi, tumbo lenye mafuta lilipita mbele ya kinu.

Mke wangu alikuwa mjamzito wa kawaida, mama yake mjamzito wa ajabu, nao wakawa wanashindana kulalamika. Asubuhi moja baridi ya homa ikamshika mama mkwe kweli, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Akaita, akisahau kinu na kila kitu, "Njoo uyachukue, ninayatikisa!" Binti yake akaingia chini ya nguo ileile akamkumbatia, na wakalala hivyo, mayai katikati yao, hadi homa ikapita. Mimi nilikaa nje nikiwachochea moto kupitia chini ya ukuta kwa kijiti kirefu.

Si yote yaliyokwenda vizuri. Mama mkwe alikuwa anayanusa moja moja, na lile lililobadilika alilitoa bila kusema neno, tukalizika mbali. Mayai viza matatu yalitoka hivyo. Jingine alililalia vibaya usingizini likapasuka, na siku nzima hakukisemesha kinu. Yakabaki mawili. Lakini mchana mmoja niliporudi na nyavu nilimkuta mke wangu amesimama kwenye mwanya, ameweka kidole mdomoni.

"Linacheza," alininong'oneza. "Mama anasema linacheza kama nilivyokuwa nacheza mimi."

Na mto ulikuwa unapanda. Kila asubuhi niliweka kijiti ukingoni mwa maji, na kila asubuhi nilikikuta ndani. Nikamwomba mke wangu aende kwenye mwinuko kabla yetu, akakataa. Nikakisihi kinu, mama angalau afikirie. "Kuku hahamishwi akiwa juu ya mayai," kikajibiwa. Hapo hasira ilinipanda, mimi niliyezisifu hasira. Nilimwonea uchungu na nilitaka kumtikisa, vyote kwa pamoja. Nilikuwa nimemwondolea kisingizio kimoja nikampa kingine kilicho bora zaidi.

Maji yaliingia siku iliyofuata, asubuhi kweupe, mvua ikiwa imekatika. Hayakuja kwa kishindo. Yalipenya chini ya matete yakazima moto, tss, basi. Nilimtoa mke wangu nikamweka juu ya kichuguu kilicho nje pamoja na chungu chetu na shoka, nikarudi ndani. Maji yalinifika magotini. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa cha miti, nilichokiinua mwenyewe kwa maelekezo ya kinu, na nilijua urefu wake. Hayakuwa mbali kumfikia.

"Kinu," nikaita, "mwambie mama tuondoke!"

Kinu kikayumba. Maji yalikuwa yamekizunguka pande zote. Kikainama upande mmoja, kikaanguka, kikabiringika, kikaelea taratibu mbele yangu kikatoka mlangoni na kwenda zake. Nilikitazama mpaka kikapita. Mwanya ukabaki mtupu.

"Kinu kimeondoka," nikasema, wala sijui nilimwambia nani.

Na kule ndani, dhaifu, kama kitu kinacholia kutoka mbali sana, nikasikia: pii. Pii, pii.

"Mungu wangu," nikasema.

"Ametoboa," akasema mama mkwe. Hakukiambia kinu. "Tangu alfajiri. Moja limekufa. Hili limetoboa."

Ulisikika mchakacho wa nguo, kisha ungo ukatokea kwenye mwanya, unaelea juu ya maji, umesukumwa kwa fimbo. Katikati yake palikuwa na yai limezungushiwa majani makavu. Nilielewa. Yai lilikuwa kwake, na zawadi lazima itoke mkononi mwangu. Nikalichukua. Lilikuwa na joto lake, joto la mama mkwe wangu ambaye sikuwahi kumwona uso, na kwenye tundu dogo kama punje ya mtama palionekana ncha ya mdomo ikipanda na kushuka.

Niliingia kinyumenyume, macho nimeyafumba, nikijigonga kwenye miti. Nikanyoosha mkono nyuma.

"Mama," nikasema, "pokea kuku."

"Ana mdomo?"

"Anao."

"Analia?"

"Mama, si unamsikia!"

Nadhani pale ndipo alipochagua, wala si siku aliyokubali mayai. Angeweza kusema kifaranga si kuku, kuku ni mwenye manyoya na miguu, na kwa mila angekuwa na haki. Angebaki na mumewe pale bondeni. Nilisimama mkono nyuma, maji yakinipanda mapajani.

Vidole vyake vikagusa kiganja changu, vikaliondoa yai.

"Nimempokea," alisema. "Geuka."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mdogo. Kwa sauti ile nilitarajia jitu. Alikuwa na macho ya mke wangu kabisa, na alinitazama toka kichwani hadi kwenye maji. "Kumbe ni mwembamba hivi," akasema. "Utaniweza?"

Nilimbeba kwa mkaja, nguo ileile, nimemfunga mgongoni kama mtoto, na yai akalishika kifuani pake, kati yake na mgongo wangu. Mke wangu alishuka kichuguu akashika kiuno changu kwa nyuma. Tukaingia majini kuelekea mwinuko. Nilikuwa naona maji tu, ya rangi ya udongo, hakuna njia wala mpaka wa shamba. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kila nilipokanyaga vibaya aliguna.

"Kulia," akasema ghafla masikioni mwangu. "Zaidi. Mbele yako kuna shimo."

"Silioni."

"Mimi nalijua. Limenivunja."

Nilikwenda kulia. Mke wangu nyuma aliteleza na mguu mmoja, nikamsikia akivuta pumzi kwa mshtuko, akashikilia, tukapita. Kuanzia hapo mama mkwe ndiye aliyeniongoza, kushoto penye mtini, nyoosha penye makaburi ya zamani, na mimi nikafuata kama punda. Mgongoni mwangu nilihisi kitu kinafurukuta. Kisha kitu chenye majimaji, vuguvugu. Sikuuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo, anazungumza na mtu mwingine siyo mimi.

Watu wa mwinukoni walituona kwa mbali wakaja hadi ukingoni. Waliponitambua mimi, na wakamtambua niliyembeba, hakuna aliyenyoosha mkono kutusaidia. Wanawake walifunika vinywa. Shangazi mmoja wa ukoo wao, mtu wa mila kuliko mila zenyewe, alisimama mbele yangu, nami maji bado yapo magotini.

"Wewe," akasema, "umevunja haya kwa kuku gani? Bonde zima halina kuku!"

Mama mkwe akajisogeza mgongoni mwangu, akafunua kona ya mkaja begani kwangu.

Pii, pii, pii.

Walikuwa wamekaa miezi bila kusikia sauti ile. Mzee mmoja akavua kofia yake. Mwanamke aliyekuwa nyuma akaanza kulia kwa sauti, kisha mwingine, kisha wakawa wanacheka na kulia, wanasukumana kuja kuona, na kifaranga amekaa juu ya bega langu, amelowa, mbaya wa sura, mabawa kama vijiti, analia kwa hasira zake zote.

Shangazi ndiye wa mwisho kukubali. Aliinama akachungulia. "Jogoo au mtetea?" akauliza, kwa sababu mila inataka mtetea.

"Ni kuku," akajibu mama mkwe.

Shangazi akasogea pembeni. Mikono mingi ikaja kunipokea mzigo, wengine wakamshika mke wangu, wengine wakavuta mkaja. Mama mkwe akawapiga mikono yote. Akamfunika kifaranga, akamrudisha kifuani pake, akainamisha mdomo sikioni mwangu.

"Nishushe polepole, mwanangu," alisema. "Amelala."